Jiwe Nililomchagulia Mama

Mimi huuza mapazia na vitambaa vya nyumbani. Nina duka katikati ya mji wa Nakuru, na kwa miaka mingi watu wameniletea picha za sebule zao kwenye simu niwaambie ni rangi gani itapatana na kochi. Huwa nawaambia bila kusita, nao hununua. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba kosa ninalolisimulia hapa halikutokana na kutojua rangi. Lilifanywa na mtu anayezijua rangi mno, na ambaye hajazoea kubishiwa.

Ndugu zangu nami tulimjengea mama yetu nyumba ya mawe huko Elburgon, pale pale palipokuwa na nyumba ya mbao aliyotulelea. Penye miti hakuna wajenzi, husema watu, lakini Elburgon miti ipo na wajenzi wapo, na ile nyumba ya mbao ilikuwa imesimama vizuri umri wangu wote. Ni sisi tulioionea haya. Baba alikuwa ameshafariki, sisi tumepata kazi zetu, na tuliona vibaya mama wa watu kama sisi kukaa katika nyumba inayopitisha baridi ya msitu wa Mau. Tukagawana kazi. Kaka yangu akachukua paa, dada yangu akachukua milango na madirisha, nami nikachukua jikoni. Nilisema ni kwa sababu mama anapenda kupika. Ukweli ni kwamba jikoni ndipo wageni huingia siku hizi na kutoka wakisifu.

Kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na msichana wa pili ni mimi. Kwa hiyo mama hajawahi kuniita kwa jina. Huniita "mama". Nilipokuwa mdogo nikitaka uji, alikuwa akiinuka na kusema mama yake amemtuma, hana budi kwenda. Ulikuwa mchezo, lakini mchezo ukichezwa zaidi ya miaka arobaini huacha kuwa mchezo. Nilikua nikijua kwamba kati ya watoto wake wote, ni mimi ninayeweza kumwamulia jambo naye akanyamaza. Wenzangu walijua pia. Akikataa kuuza ng'ombe aliyezeeka, aliyepigiwa simu ni mimi.

Basi nikaenda kutafuta jiwe la kuweka juu ya kabati za jikoni. Mwenye duka la mawe alikuwa mwanamume mpole mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimwambia nataka granaiti, akatikisa kichwa.

"Madam, hiyo granite inakunywa mafuta. Kila saa unaipaka sealer ya kuiziba," akasema. "Chukua hii, inaitwa sintered. Weka sufuria moto, mwaga beetroot, kata ndimu juu yake. Haishtuki."

Akanieleza kwamba jiwe hilo halichimbwi likiwa jiwe. Ni unga wa madini unaogandamizwa kwa nguvu na kuchomwa kwa moto mkali hadi ushikane. Akachukua kipande, akakichoma kwa moto wa gesi, akakikwaruza kwa ufunguo, akanionyesha kwamba hakikuwa na alama. Adui yake, alisema, ni ukingo peke yake, kwa sababu ukiugonga kwa kitu kizito unaweza kumeguka. Nilipenda sana kitu kinachochomwa na kisiumie. Nikaomba anipe sampuli niende nazo, akanipa vipande vinne, kila kimoja na ukubwa wa daftari la shule. Kimoja kilikuwa cheusi, kinang'aa, chenye mishipa ya dhahabu. Kingine kilikuwa cheupe kilichofifia, haking'ai hata kidogo, rangi ya unga wa mahindi. Viwili vilivyobaki sivikumbuki vizuri, maana moyoni nilikuwa nimeshachagua kile cheusi kabla hajakifunga kwenye gazeti.

Jumamosi nikafika Elburgon. Wakati huo mama alikuwa bado anapikia katika jiko la nje, la moshi. Nilimwambia, "Mama, nimekuja tuchague mawe."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kwetu kuchagua maharagwe ni kuyatoa mawe kabla ya kuyachemsha. "Mimi nimechagua mawe tangu niolewe," akasema. "Leo ndio umeniletea makubwa?"

"Haya hayatupwi. Na yameokwa kwa oven."

"Hata mawe siku hizi yanaokwa," akasema. "Basi tutayala na chai."

Akaenda kwenye lile jiko la nje, akarudi na bakuli la maharagwe ambayo hayajachaguliwa. Akavipanga vile vipande vinne karibu na dirisha, akamwaga konzi moja juu ya kila kimoja, akaanza kuyachagua. Nilidhani anaendeleza mzaha. Nikatoa simu, nikamchukua video, nikaituma kwenye kundi letu la familia na kuandika kwamba mama anachagua mawe juu ya mawe. Watu wakacheka. Mama hakuharakisha. Aliinama sana, akahama kutoka kipande hiki hadi kile, akarudi, akageuza kimoja kuelekea mwanga, na mwishowe akaweka kiganja juu ya kile cheupe kilichofifia.

"Hili ndilo naona, mama," akasema.

"Mimi naona jeusi," nikamjibu.

Lugha yetu ina neno moja la macho na la maoni. Mtu akikwambia anaona hivi, wewe unamwambia unaona vile, na mnabishana mpaka mmoja achoke. Nikamwambia lile jeupe linafanana na meza ya zahanati. Nikamwambia litaonyesha kila tone la chai.

"Si ndio vizuri?" akasema. "Nione palipochafuka nipanguse."

"Jeusi linaficha uchafu."

"Uchafu ukifichwa si bado uko?"

Nikapandisha sauti. Nilimweleza habari za mishipa ya dhahabu, na kabati za rangi ya kahawa nilizokwisha kuagiza, na jinsi nyeusi juu ya kahawa inavyopendeza. Nilimwambia hii ndiyo kazi yangu. Alinisikiliza akiwa anakusanya maharagwe kurudisha bakulini, kiganja kwa kiganja.

"Hilo jeusi, litang'aa hivi hivi?" akauliza.

"Litang'aa kuliko hivi," nikasema kwa fahari.

"Haya. Mama yangu akisema, mimi ni nani."

Jiwe lililetwa kwa pikapu kupitia Njoro, limesimamishwa kwa ubavu na kufungwa kwa blanketi. Fundi alikata tundu la sinki kwa grainda huku mwenzake akimwagia maji, na tope jeusi likatapakaa uani kama wino. Walipomaliza na kupangusa, nakiri kwamba lilikuwa zuri. Dirisha lote, na miti ya nje, na uso wangu mwenyewe, vyote vilionekana juu yake. Mama alisimama mlangoni. Kisha akaja, akaweka mkono juu ya jiwe, akautembeza polepole ukingoni kutoka mwanzo hadi mwisho, akapinda kona, akafika kwenye sinki, akarudi tena. Fundi akanikonyeza. "Shosho ameipenda," akasema, yaani nyanya. Nami nikaamini.

Mwezi mmoja baadaye nilifika bila kutoa habari, nikakuta jiwe halionekani. Mama alikuwa amekata shuka jeupe na kulitandaza juu ya kaunta yote, toka sinki hadi ukutani.

Yeyote aliyelelewa katika nyumba kama zetu atajua nilichofikiri. Kwetu kitu kizuri hufunikwa. Kochi lina kitambaa, kiti cha pembeni kina kitambaa, redio ina chake, na friji ikinunuliwa hushonewa kabla haijawashwa. Nimekua nikiinua vitambaa ili nifikie vitu. Nina duka linalokula na kunywa kutokana na desturi hiyo, lakini kwa jiwe langu sikuistahimili.

"Mama, hili jiwe haliogopi moto wala kisu," nikamwambia. "Wewe unaliogopea vumbi?"

"Ni kitambaa tu."

"Unalifunika kama kochi. Wageni wakija wataona nini?"

Alinyoosha pembe ya kitambaa. Nilikikunja kile kitambaa, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda nacho Nakuru ili nisikikute tena. Safari iliyofuata nilikuta amepasua gunia jeupe la sukari, amelifua, na kulitandaza pale pale. Nikaliondoa pia, na safari hii sikusema kwa utani. Nilimwambia ananidharau. Ndiyo, nilitumia neno hilo, kwa mwanamke aliyenizaa, kwa sababu ya gunia. Mara ya tatu nilikuta jiwe liko wazi linang'aa, nikafurahi moyoni, nikasema amezoea.

Yapo mambo mengine niliyoyaona nisiyaone. Vikombe vilipungua kabatini. Nikapewa chai kwa kikombe cha plastiki, nikadhani anaweka vile vizuri kwa ajili ya wageni. Alianza kumimina chai kikombe kikiwa ndani ya sinki, chini kabisa, na nikamsifu kwa usafi. Sikukuu moja tulikuwa tumekaa wote, watoto na wajukuu, nami nikauma jiwe kwenye maharagwe. Nikalitoa mdomoni nikaliinua juu watu wote walione.

"Mama siku hizi anatupikia mawe," nikasema. "Uzee umeingia."

Tukacheka sana. Yeye pia alicheka. Tangu siku hiyo hakutupikia maharagwe tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Aliungua wakati wa mvua, asubuhi, akichemsha maziwa. Jirani alinipigia simu. Mama alikuwa ameitoa sufuria kwenye gesi na kuiweka kaunta, kama alivyofanya maisha yake yote. Lakini kaunta ilikuwa nyeusi na kabati chini yake ni za kahawa, na dirisha lilikuwa linang'aa juu ya jiwe, na hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mahali jiwe linapoishia. Aliweka nusu ya sufuria juu ya jiwe na nusu hewani. Maziwa yote yakamwagikia mguu wake wa kushoto. Jiwe, bila shaka, halikupata hata alama.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa hivyo shuleni. Kwetu asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lilikuwa la mkuu.

Tulimleta hospitali Nakuru. Muuguzi aliyemfunga mguu alikuwa mwanamke wa makamo asiyesema mengi. Alipomaliza alimnyooshea mama kadi yake akiwa amesimama ubavuni mwake, na mama hakuipokea. Akaisogeza karibu. Mama akaendelea kutazama mbele.

"Mama, unaniona nikiwa hapa?" muuguzi akauliza.

"Nakusikia," mama akasema.

Niliipokea kadi mimi. Muuguzi hakunitazama. Aliandika kitu kwenye karatasi, akatuelekeza kwa daktari wa macho.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alitueleza taratibu kwamba ugonjwa huo hauumi. Huiba pembeni kwanza, na mtu huzoea kugeuza kichwa. Kisha rangi za giza huanza kuchanganyikana, kitu cheusi juu ya kitu cheusi kinapotea, na kinachong'aa kinamsumbua kuliko giza lenyewe. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone ya dawa yangelinda kilichobaki, lakini kilichobaki kilikuwa kidogo. Akamuuliza mama ilianza lini.

"Ni kama wakati tulikuwa tunajenga," mama akasema.

Daktari akaandika. "Mngekuja wakati huo," akasema, kisha akaacha sentensi hapo.

Tulipotoka nje tukakaa kwenye benchi la korido tukingoja dawa. Nilikuwa na hasira, na kwa aibu nasema kwamba mwanzoni hasira hiyo ilikuwa kwake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia," akasema. "Nilikuambia hili ndilo naona."

Nilifungua simu, nikaitafuta ile video. Sikuwa nimeitazama tangu siku niliyoituma. Uso wake ulikuwa karibu kugusa maharagwe. Juu ya kipande cheusi vidole vyake vilipapasa na kupita mawe matatu makubwa ambayo mimi niliyaona hata kwenye kioo kidogo cha simu. Juu ya kile cheupe aliyatoa yote, moja moja, bila kukosea. Kipimo kizima cha macho kilikuwa pale, amekifanya mwenyewe, na anayesikika akicheka nyuma ya kamera ni mimi.

"Ungesema tu kwamba macho yanakusumbua," nikamwambia. "Ningekuleta siku hiyo hiyo."

"Najua ungenileta," akasema. "Na baadaye?"

Hapo ndipo akanieleza. Dada yake mkubwa alipoanza kupoteza macho, wanawe walimchukua kwa upendo wakampeleka kuishi nao mjini, ghorofa ya tatu. Walimkalisha kwenye kochi, wakamwambia apumzike. Mama alikuwa akienda kumtembelea na kumkuta ameketi, mikono juu ya magoti, akiuliza saa ngapi. Hakuruhusiwa kushika hata sufuria. Mama aliapa kwamba yeye atapika kwake mpaka siku ya mwisho. Nilipokuja na vile vipande vinne aliona Mungu amemfungulia njia. Angepata mahali peupe pa kupikia, angeendelea na kazi zake, na hakuna ambaye angelazimika kujua.

"Shuka nalo?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Kwa shuka nilikuwa naona ukingo," akasema.

Sikulia pale. Nililia kwenye gari, yeye akiwa kando yangu, akanipapasa bega na kuniambia, nyamaza mama, kila mtu hukosea. Laiti angenilaumu.

Sasa anaishi nami Nakuru. Hatukukaa kikao kuamua, mambo yalijiamua yenyewe, mguu ulihitaji kusafishwa kila siku na matone ni asubuhi na jioni. Mguu ulipona. Macho yaliendelea kufifia hata na dawa. Tunaishi ghorofa ya kwanza, si ya tatu, na mwanzoni nilijifariji kwa hilo, upuzi mtupu. Huketi kwenye kochi mikono ikiwa juu ya magoti. Niliwahi kumpa njegere amenye, akazimenya vizuri kabisa, kisha akaniuliza kama zile njegere zilikuwa za kupikwa kweli au nilimpa tu ashike kitu. Nilimwambia ni za kupikwa. Alijua nadanganya, maana hakusikia harufu yake jioni.

Nyumba ya Elburgon imefungwa. Kaka huenda Jumapili kufungua madirisha ipate hewa. Watu wakipelekwa kuitazama hutoka wakisifu jikoni, wanasema ni kama ya hoteli. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ana afya nzuri, anakula, ananenepa.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye lile duka la mawe. Sikuwa nimepanga, nilikuwa napita tu. Lile jeupe lililofifia bado lilikuwepo, limeegemezwa ukutani nyuma ya mengine, na nikaweka kiganja juu yake pale dukani mbele ya watu. Nilimuuliza mwenye duka kama linaweza kukatwa kwa vipimo vile vile. Akasema inawezekana. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, na kabla sijavua viatu nikapiga magoti mbele ya kochi nikamshika mikono. Nilimwambia nitaling'oa lile jiwe langu na kumwekea lile alilochagua yeye. Nitapaka kabati rangi nyeupe. Nitamtafutia mtu wa kukaa naye, si wa kumpikia, wa kukaa naye tu, na yeye atarudi kwake apike.

Aliiacha mikono yake ndani ya yangu. Alikuwa ananitazama, au uso wake ulikuwa umeelekea nilipo.

"Usimsumbue fundi, mama," akasema. "Sasa lolote utakaloniwekea ni jeusi."

Alilisema kwa upole. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake tangu ile korido ya hospitali, si kwa upole.